Zimwi na Mwaridi wa Bi Mwashamba

Sogeeni niwape, nanyi mpokee! Bi Mwashamba, ajuza, aliishi peke yake na mwaridi wake. Siku moja ya kiangazi zimwi la vichwa saba likapiga hodi.

"Bibi, nimekuja kukula!"

Bibi akajibu, "Nile, baba, ila nipogolee mwaridi kwanza."

Likapogoa mpaka likachoka, likaenda zake.

Masika likarudi. "Nimekuja kukula!"

"Tia samadi kwanza, baba."

Likatia, likachoka, likaenda zake.

Kipupwe likarudi, likakuta mwaridi umechanua. Vichwa saba vikasukumana kunusa.

"Haya, nile," akasema bibi. "Kazi imekwisha."

Macho kumi na manne yakalengwa na machozi. "Nikikula, bibi, mwakani nani atanituma?"

Bibi akalichomeka waridi sikioni. "Basi kaa, mjukuu wangu. Kesho tunapalilia."

Ngano imekomea hapo, na zimwi bado linachomoa miiba vidoleni.