Hodi Darajani

Abishaye hodi si mwenye nyumba. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule jirani aliyejifungua juzi, na sasa mnataka kujua msemo huu ulitoka wapi. Haya, pukuchueni mahindi huku mkisikiliza. Methali hii ilianzia huku huku kwetu Upareni, kwa mwanamke aliyeitwa Namsifu.

Namsifu alikaa miaka mitatu katika ndoa bila kupata mtoto. Alipojifungua Kiangi, nyumba nzima ilicheka. Siku arobaini zilipotimia alimbeba kifuani akaelekea shambani, na njia ilipita juu ya daraja la magogo, chini yake korongo lenye mto. Alipofika katikati, wazo likamjia ghafla: “Mwachie aanguke.”

Alirudi mbio. “Mimi ni mama wa namna gani?” alijiuliza.

Tangu siku ile alipigana na wazo lile. Alilikemea, aliliimbia nyimbo za kulifukuza, aliuma ulimi. Lakini kadiri alivyolifukuza ndivyo lilivyorudi, hata jikoni, hata akimwogesha mtoto. Mwishowe akaacha kumbeba Kiangi kabisa. Alimnyonyesha ameketi chini, kisha akamkabidhi haraka kwa mama mkwe wake, Nakijwa. Majirani wakaanza kunong’ona kwamba hampendi mwanawe.

Ikafika siku ya kumpeleka mtoto kwa wazazi wa Namsifu, ng’ambo ya mto, ambako karamu ilikuwa tayari. Nakijwa alitangulia na mtoto. Walipofika darajani, Namsifu akaketi chini, akalia.

“Mama, mtoto huyu akae nawe siku zote. Mimi ni hatari kwake.”

“Hatari gani, mwanangu?”

Namsifu akasema yote, akijifunika uso. Alipomaliza alingoja laana. Badala yake alisikia kicheko.

“Ni hilo tu?” alisema Nakijwa. “Mumeo alipokuwa mchanga, kila nilipokoroga uji uliokuwa ukichemka, wazo liliniambia, ‘Mtumbukize.’ Nilikaa mwezi mzima sipiki, wakadhani nimekuwa mvivu!”

Namsifu akafunua uso. “Wewe, mama?”

“Mimi huyu huyu. Nikwambie, mtu akibisha hodi kwako, nyumba inakuwa yake?”

“Hapana.”

“Na ukisimama mlangoni kutwa ukigombana naye, ataondoka?”

“Atazidi kukaa.”

“Basi ndivyo ulivyofanya. Mwache abishe. Wewe endelea na kazi zako. Na hofu hiyo yako, mwanangu, inatoka wapi kama si kwa kumpenda mtoto?” Akamsogezea Kiangi. “Mchukue. Nipo nyuma yako.”

Namsifu akasimama. Akamchukua mwanawe, akakanyaga gogo la kwanza. Katikati ya daraja, sauti ikaja kama kawaida: “Mwachie.” Safari hii hakukimbia wala hakukemea.

“Nimekusikia,” alisema, akapiga hatua. Ikaja tena. Akapiga hatua nyingine.

Hapo ndipo Kiangi alipomkojolea kifua kizima.

“Mama!” Namsifu alipiga kelele. “Amenilowesha!”

“Hata mumeo alikuwa hivyo!” Nakijwa akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika ukingo wa daraja. Namsifu alifika ng’ambo ameloa, amemkumbatia mtoto, na hakumpa mtu yeyote mpaka walipofika nyumbani kwa wazazi wake.

Kule jikoni aliwasimulia dada zake. Kisha dada mkubwa akasema, “Mimi ilikuwa kisimani.” Shangazi yao akasema, “Mimi ilikuwa na shoka la kuni.” Kila mmoja akatoa lake, lililofichwa miaka, na vicheko vikapanda hata wanaume wakaja kuuliza kuna nini. Ndizi ziliungua siku ile, zikaliwa vivyo hivyo, na ngoma ikachezwa.

Msidhani wazo lile lilimwacha Namsifu kabisa. Lilimjia siku moja moja, naye alikuwa akiendelea kufua au kulima, mpaka likapita. Kiangi alikua, akapata wadogo zake wanne, na wote aliwavusha mwenyewe daraja lile kifuani pake.

Wanawake wa ng’ambo zote mbili wakawa wanaambiana, kama mlivyosikia leo: abishaye hodi si mwenye nyumba.