Zimwi Lililongoja Kuambiwa Tayari

Paukwa!

Pakawa!

Nasema paukwa, nyie! Mmekula ugali au mmekula pamba?

Pakawa!

Haya. Anayebisha abishe sasa, kabla sijaanza. Wewe Mwanjaa, unacheka nini? Mazimwi hayapo? Nenda basi peke yako ukachungulie kihenge cha nyuma. Nenda! Mbona umejivuta kwa dada yako? Shule niliiachia darasa la tatu, lakini mazimwi nayajua kuliko mwalimu wako.

Basi, hapo kale walikuwako watoto watatu. Sikudhani, fundi wa kusuka kamba, na maringo yake hayo. Mshamu, mwenye nguvu na mdomo. Na Kidawa, mdogo wao, hata meno ya mbele hana.

Siku moja walicheza kujificha. Mwenzao akafumba macho, nao wakakimbilia migombani. Wakaona kihenge cha mahindi, kirefu kama nyumba, kimeegemezwa ngazi. Wakapanda, wakarukia ndani.

Mara ngazi ikaondolewa. Sauti nzito ikauliza, "Tayari?"

Kidawa akadhani ni mwenzao. "Bado!"

Nje likanguruma zimwi. "Ah! Mna bahati. Sisi hatumli mtu asiyesema tayari. Lakini nitauliza tena na tena, na kila mmoja ajibu. Hata mmoja akinyamaza, nawala wote."

Likaenda kuchochea moto.

Ndani giza. Ukuta laini, hakuna pa kushika. Juu, boriti moja imekatiza mdomoni. Chini mahindi hakuna, ni magome makavu ya migomba, yale tunayochania kamba.

"Kila mtu asuke yake," Sikudhani akasema. "Mimi sipotezi muda na wavivu."

Akasuka. Ilikuwa nzuri, jamani! Imekaza, imenyooka. Akairusha. Haikufika. Ya Mshamu haikufika. Wakazifunga fundo, zikafika boritini, Mshamu akaning'inia, fundo likateleza, akaanguka matako pwaa!

"Tayari?"

"Bado!" "Bado!" "Bado!"

"Magome makavu hayafungwi fundo," Mshamu akasema, anajisugua. "Fumua ncha ya yako, tuzisuke pamoja."

"Nifumue yangu mimi? Niiunge na hiyo yako kama mkia wa mbuzi?"

"Sasa utaliwa na kamba yako nzuri!"

"Tayari?"

"Bado!" "Bado!"

Kimya.

"Kidawa!" Sikudhani akamtikisa.

"...Bado." Mtoto alikuwa anasinzia. Mkononi ana kikamba kifupi kama kidole, na viganja vimechubuka damu.

"Hiki cha nini?"

"Cha kuongezea yako, dada."

Sikudhani akaifumua kamba yake, ncha hii na ncha ile. Akamkalisha Kidawa katikati asilale, akamfanyia mchezo: gome huku, piga kofi, gome huku, piga kofi, gome huku, vuta! Kidawa akacheka. Kamba tatu zikawa moja. Mshamu akaviringa mabaki yakawa mpira, akaufunga nchani, akaurusha. Ukaizunguka boriti, ukajisokota, ukashika.

"Tayari?"

"Bado!" "Bado!" "Bado!"

Mshamu akapanda, akamvuta Kidawa, wakashukia mgomba wa nyuma. Sikudhani akashika kamba. Hajafika hata katikati, zimwi hilo.

"Tayari?"

"Bado!" akajibu, ananing'inia.

"Na wengine?"

Wengine wako nje. Miguu yao ingekuwa yako, ungefanya nini? Ungekimbia. Nakujua.

Lakini nyuma ya kihenge ikasikika sauti nene: "Bado!" Na nyembamba: "Bado!"

Zimwi likarudi motoni linasonya. Sikudhani akatoka, akaivuta kamba nyuma yake. Wakajibanza migombani, wakapiga kelele pamoja:

"Tayari!"

Zimwi likaegemeza ngazi, likapanda mbio, likarukia ndani na mdomo wazi. Mshamu akaiangusha ngazi. Mpaka leo limo humo, linauliza. Kamba halijui kusuka.

Naibwaga hapa hadithi yangu, anayeitaka aiokote. Funzo lake: ukiwa fundi, ufundi wako umsaidie mwenzako, hata kama itabidi ufumue ulichokwisha kukipamba.

Mnanitazama nini? Haya, kuna kipande nimekiruka. Mshamu ni wa ukoo wetu, ndiyo maana. Ile sauti nene haikuwa yake. Yeye alishafika mtoni. Kidawa alibaki peke yake nyuma ya kihenge, akajibu kwa sauti nene, akameza mate, akajibu kwa nyembamba. Halafu ndipo akamkimbilia Mshamu, akamshika mkono, akamrudisha kuangusha ngazi, maana peke yake hakuiweza.