Karamu ya Bi Chura

Paukwa!

Pakawa!

Paliondokea mteremko.

Na uteremke, tuone unaishia wapi.

Hapo kale, kileleni aliishi Jumbe Nyati, mtawala wa mteremko mzima. Chini yake aliishi Fisi, chini ya Fisi akaishi Ngiri, na bondeni kabisa, kidimbwini, Bi Chura na viluwiluwi wake.

Kila nyumba ilimwaga maji yake machafu mlangoni, nayo yakajiendea bondeni. Viluwiluwi wakaanza kuelea matumbo juu. Bi Chura akaona kwamba akinyamaza, hatabaki na mtoto.

Akapanda kwa Ngiri.

“Shemeji, maji yenu yananiulia watoto.”

“Yakishavuka ua wangu si yangu tena,” akasema Ngiri. “Mitaro ni kazi ya Jumbe.”

Akapanda kwa Fisi.

“Yangu ni ya kuoshea mifupa,” akasema Fisi. “Hiyo ni supu, dada. Wanenepeshe watoto.”

Akapanda kwa Jumbe Nyati.

“Uchafu hutoka majumbani,” akasema Jumbe. “Waulize wenye nyumba.”

Bi Chura akateremka akiwaza. Akakinga maji machafu ya kila nyumba katika kibuyu cha peke yake, kisha akawaalika wote kwenye karamu ya kuwatoa watoto nje. Na ada ya mteremko huo ilikuwa moja: mgeni hunywa kwanza maji ya mwenyeji, ndipo aletewe nyama.

Ngiri akapewa kibuyu, akachungulia.

“Bi Chura, yana povu.”

“La sabuni ya mkeo, shemeji. Kunywa, uko kwako.”

Fisi akanusa chake, akakigugumia chote, akauliza kama yamebaki mengine. Punde tumbo likamng’uruma. Nyama ikaletwa, naye akabaki kuitazama tu huku machozi yakimlengalenga.

Jumbe Nyati akatazama ndani ya kibuyu chake. Kupe alikuwa anaelea chali. Akamtambua.

“Huyu alikuwa mgongoni kwangu.”

“Ndiye, Jumbe. Yeye alitangulia kufika karamuni.”

Jumbe akakitua kibuyu polepole. “Nilisema waulizwe wenye nyumba,” akasema. “Kumbe na mimi nina nyumba.”

Basi wakagawana kazi. Kila nyumba, ya Jumbe ikiwamo, ikachimba shimo lake la mchanga na kokoto la kuchujia maji. Jumbe akatumia pembe zake kuchimba mtaro wa wote hadi kwenye bwawa la matete, mbali na kidimbwi. Bi Chura akapewa kazi ya kukagua. Fisi alitega kazi, akachimba kishimo cha kuzika kwato moja. Bi Chura hakumgombeza. Alimwonyesha kibuyu tu, Fisi akashika jembe.

Viluwiluwi waliosalia wakaota miguu, wakaruka hadi kileleni kumwamkia Jumbe.

Funzo ni hili: nyumba ichimbe shimo, mtawala achimbe mtaro. Mmoja akitega, anayekunywa ni jirani wa bondeni.

Hadithi yangu imefika chini. Iliyo safi tekeni; yenye taka nirudishieni, nikaichuje.