Sala Asiyoielewa Mama

Wapendwa, nisikilizeni vizuri, maana habari hii hainipi raha kuisimulia.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, binti wa pekee wa mama mjane. Alipata kazi ng'ambo, ila kwa sharti moja: afaulu kwanza mtihani wa Kiingereza. Kusoma na kuandika hakukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni kuzungumza. Unakaa mbele ya mtahini, anakwambia, "Nieleze kuhusu mtu muhimu maishani mwako," nawe unatakiwa useme bila kukwama.

Akamwendea mwalimu mmoja anayewanoa watahiniwa. Mwalimu akamsikiliza akieleza habari za mama yake: anavyolima viazi, anavyocheka mpaka anashika mbavu. Mwalimu akapiga mwayo.

"Wa kawaida mno huyo. Muue."

"Nimuue nani?"

"Mama yako, dada. Kwenye maelezo tu. Sema amefariki. Mtahini ataingiwa na huruma, na mtu mwenye msiba hakatizwi kwa maswali."

"Lakini mama yangu yu hai, mzima kabisa."

"Pale unapimwa Kiingereza, hupimwi ukweli."

Basi akamtungia maneno, kwa Kiingereza safi: Mama yangu alifariki asubuhi ya mvua. Alilala kwenye kitanda kilichoelekea dirishani. Alijifunga kanga ya buluu. Tangu siku hiyo nyumba yetu haina sauti.

Kila alipotoka kazini binti alisimama sebuleni akiyakariri, huku mama yake amekaa kigodani akimenya viazi. Mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Aliona tu mwanawe amefumba macho, midomo inatetemeka, akajua ni sala ya safari. Kwa hiyo kila binti aliponyamaza kuvuta pumzi, mama aliitikia, "Amina."

Mara ya kwanza binti alicheka kimoyomoyo. Angemwambiaje? Akamwacha aitikie.

Siku moja akarudi akamkuta mama anasukuma kitanda chake, jasho linamtiririka. Anakisogeza dirishani.

"Mama, kulikoni?"

"Sijui, mwanangu. Nimejisikia tu kutazama nje."

Binti akajiambia ni mambo ya uzee. Siku chache baadaye mama akatoka sokoni na kanga mpya, ya buluu, yeye ambaye maisha yake yote rangi hiyo hakuipenda. "Nimejikuta nimeishika," akasema, akiishangaa mwenyewe.

Je, binti aliacha? Ninyi mngeacha? Mtihani ulikuwa umekaribia, jamani! Alichofanya ni kuhamia chumbani. Akafunga mlango, akayanong'ona maneno yale kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri. Alipokoma tu, kutoka jikoni ikaja sauti: "Amina."

Niambieni, mama alisikiaje?

Kisha ikafika siku ambayo binti alisikia Kiingereza akiwa bado kibarazani. Kilitoka ndani. Kilikuwa na mwendo wa binti mwenyewe, na pumzi ilivutwa palepale anapovuta yeye. Akasukuma mlango. Mama alikuwa peke yake, amekaa kitandani, amejifunga ile kanga, uso umeelekea dirishani, na nje mvua inanyesha. Alikuwa anasema, neno kwa neno, bila kukosea: Mama yangu alifariki asubuhi ya mvua.

"Mama! Unasema nini?"

Mama akageuka, akatabasamu. "Ni sala yako, mwanangu. Nimekuona unahangaika nayo peke yako, nikasema nikusaidie kuomba. Mwisho wake tu ndio unanipotea. Hebu nifundishe, nimalize."

Binti akapiga magoti, akashika mikono ya mama, akamweleza yote kwa lugha yao ya nyumbani. Mama akasema, polepole:

"Kumbe umekuwa ukinizika kila siku, na mimi naitikia."

Mnataka kujua kama mama alikufa? Hakufa. Binti aliingia kwenye mtihani, akaulizwa swali lilelile, akasema habari za mama aliye hai, kwa kigugumizi, akashindwa. Baadaye alirudia, akafaulu, akasafiri. Lakini tangu siku ile, hata binti alipoombea chakula, mama hakuitikia mpaka kwanza aulize, "Umesema nini?" Swali hilo binti amelibeba mpaka ng'ambo.

Na sisi je? Tusimcheke. Mara ngapi tumewasema watu wetu vibaya mahali wasipoweza kutusikia, ili tuonewe huruma, ili tupewe nafasi? Baba tumemfanya mlevi, mke tumemfanya mzigo, ndugu tumewafanya wachawi. Tunasema, "Ni maneno tu." Halafu tunarudi nyumbani, na watu walewale wanatupokea mizigo, wanatuombea heri katika shughuli ambayo hawajui tumewafanya nini ndani yake.

Ndugu yangu, unamjua uliyemsema. Pengine umekaa naye benchi moja sasa hivi. Ukitoka hapa, usipitie popote. Kaa naye, umwambie ulichosema, kwa lugha anayoielewa, angali anaweza kukujibu.