Ndoo Kabla ya Kosa

Mama mmoja alikuwa na kazi ya kutazama vichwa vya watoto. Si chawa, wanangu, wala si mapunye. Alisomea mambo ya ubongo, kwa nini mtoto huyu anatulia na yule anarusha viatu. Jina lake Sekela. Alipewa shule kumi na moja za milimani, yeye peke yake, na watu wakamwita Mama wa Vichwa. Kila alipofika alikuta mtoto ameshaandaliwa, amesimamishwa mlangoni kama mbuzi wa mnada.

Mwanzoni aliipenda kazi ile. Mwaka wa tisa alikuwa amechoka, na si miguu tu. Alichoka kufika na kuambiwa mtoto ameshafukuzwa. Wale aliowachelewa aliwakumbuka kwa majina kuliko wale aliowawahi.

Masika moja akaitwa shule yenye mabati juu na dari hakuna. Kule mvua ikitaka kunyesha haiombi ruhusa. Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa darasa la tatu, Tusajigwe. Walimu walisema anapiga mayowe, anang'ata wenzake, anapindua madawati. Zamani ilikuwa mara moja kwa wiki, sasa kila siku. Ijumaa kamati ya shule ingekaa kumwondoa. Akiondolewa, hakuna pa kwenda. Bibi yake angemfungia ndani kila akienda kuchuma chai. Kilichobaki ni sahihi ya Sekela kwenye karatasi.

"Adhabu tunampa," mwalimu mkuu akamwambia. "Tunamtuma maji mtoni, ndoo kubwa, na mlima ule unaouona. Akirudi utadhani mwanakondoo. Kesho yake, yale yale. Sikio la kufa, mama, halisikii dawa."

Sekela akakaa nyuma ya darasa siku mbili, na kulikuwa kukavu. Akampa mtoto picha, akampa vibao vya kupanga. Mtoto akapanga vizuri tu, kisha akageuka akamkwapulia mwenzake daftari, akatumwa maji. Siku ya tatu, Alhamisi, mvua ikashuka juu ya bati. Mwalimu akapaza sauti. Watoto sitini wakapaza sauti juu ya sauti ya mwalimu. Tusajigwe akaziba masikio, akaanza kutikisa dawati.

"Limempanda! Limempanda dude lake!" wenzake wakashangilia.

Akamng'ata aliyekuwa karibu. Mwalimu akainyooshea ndoo kidole.

Sekela akatoa karatasi mkobani, akashika kalamu. Akasema moyoni, huyu naye acha aende, mimi si Mungu. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga kwa ule mlio wa bati, hata jina lake mwenyewe asingeliandika likanyooka. Akajitanda khanga, akatoka nje apumue kidogo. Akateremka njia ya mtoni, kwa sababu ndiko kulikokuwa mbali na kelele.

Huko chini mvua ilikuwa inaangukia majani, nayo majani hayapigi kelele. Akamkuta mtoto anapanda na ndoo kichwani, shingo imenyooka, mikono imetulia, anaimba kwa sauti ndogo. Haraka hana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na adhabu."

Mtoto akamtazama kama mtu mzima aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nisipokosa, hawanitumi," akasema.

Akapita zake. Sekela akabaki amesimama kwenye matope. Miaka yote ile ya kusoma, na jibu limemjia kwa miguu likiwa na ndoo kichwani. Walimu walidhani ndoo ni fimbo, kumbe ndiyo iliyokuwa dawa. Na kwa kuwa dawa ile walipewa waliokosa tu, mtoto akajifunza kukosa. Likamjia na la pili, nalo lilimuuma zaidi: yeye mwenyewe ameteremka pale kutafuta kitu kile kile. Tofauti ni kwamba yeye, kwa ukubwa wake, hakulazimika kumng'ata mtu.

Ijumaa kamati ikakaa. Sekela akasimama. Nguvu ya maneno mengi hakuwa nayo.

"Mpeni ndoo kabla hajakosa," akasema.

Wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Na sisi tunaopanda mlima ule kila siku na migongo hii, nani anatuita wagonjwa?" Wakacheka tena. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anawaza kweli. "Sasa nikimtuma bila kosa," akauliza, "siku akikosa nitampa adhabu gani?"

Sekela akawaeleza jinsi mlio wa mvua kwenye bati unavyomsumbua mtoto, akaomba na dari.

Wakabishana mpaka uji ukapoa vikombeni. Mwisho wakampa mtoto muda mpaka shule zifungwe: wingu likishaanza kujikusanya, atumwe maji, na asisemwe. Kuhusu dari walisema wataangalia. Sekela akairudisha karatasi mkobani bila sahihi. Hakufurahi kama alivyokuwa akifurahi zamani. Shule nyingine ilikuwa imeshampigia simu, wana mtoto mlangoni. Njia nzima, mgongoni mwa pikipiki, alikuwa akiwapitia wale aliowachelewa, mmoja mmoja kwa jina, akijiuliza ni wangapi walikuwa wanatafuta kimya tu.

Basi nyie wenye watoto, na nyie mnaofundisha watoto wa wenzenu, nami niulize moja kisha nikae: mtoto anayeikimbilia adhabu, huwa anakimbia nini?