Shavu la Kushoto la Sultani

"Nyoa upande wa pili."

"Nimeshaunyoa, Maulana."

"Umenyoa wa kulia. Nataka wa kushoto."

"Wa kushoto niliunyoa Ijumaa iliyopita."

"Ndevu zimeota tena, huoni?"

"Naziona," alisema Ngwali kinyozi, akaufuta wembe wake taratibu. "Pole sana."

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo. Palikuwa na Sultani aliyeitwa Badrani, naye alipenda vitu viwili tu: mashavu laini kama yai na ghala lililojaa. Ghala lenyewe lilikuwa la mji mzima. Kila mavuno kila nyumba ilipeleka kikapu cha mtama, na mtama huo ndio uliomlisha tabibu. Ukiugua, unatibiwa, huulizwi kitu. Nyumba ya Ngwali haikukosa kupeleka kikapu chake hata mwaka wa nzige.

Ngwali alikuwa na binti, Biubwa, mwenye pumu. Ikimshika, kifua kinapiga mluzi na midomo inageuka rangi. Akipata dawa ya tabibu, kesho yake yuko uani anawashinda wenzake kuruka kamba.

Basi Sultani akaona watu walewale wanarudi kwa tabibu kila mara. Akaita baraza, wajumbe wakatikisa vichwa, amri ikatoka: ghala litatibu maradhi yanayopona tu. Anayerudi na ugonjwa uleule ajitegemee. Wiki hiyohiyo Biubwa akabanwa na kifua. Mama yake akaenda kwa tabibu, akarudi mikono mitupu. Mtoto akaokolewa na matone yaliyobaki chupani. Sasa chupa ilikuwa kavu.

Ijumaa ikafika. Kwa desturi ya mji ule Sultani hunyolewa mbele ya baraza zima, ili kila mjumbe auone wembe unapopita. Na ni ukoo wa Ngwali peke yake ulioruhusiwa kugusa shingo ya Sultani kwa chuma. Nje watu walishajaa, wanamngoja atoke waende naye msikitini. Hapo ndipo Ngwali alipoishia shavu la kulia.

"Ngwali, unanichezea."

"Nafuata amri yako, Maulana. Ndevu hizi nazihudumia tangu ujana wako. Hazijapata nafuu."

"Ndevu si ugonjwa."

"Ndiyo maana nashangaa. Mwanangu anaumwa, ameambiwa asirudi. Wewe huumwi, na kila Ijumaa niko hapa."

Mjumbe mmoja akajikohoza kwenye ncha ya kilemba chake.

"Nitakutia gerezani."

"Nitie. Shavu utamwachia nani?"

"Nitamwita kinyozi mwingine."

"Mwite. Desturi inakataa, lakini Sultani ni wewe. Na shingo ni yako."

Sultani akajishika shingo. Akaagiza kioo. Upande mmoja yai, upande wa pili nazi isiyofuliwa. Nje ngoma ikaanza kulia, wanamwita.

"Haya, binti yako apewe dawa. Nyoa."

"Na mtoto wa mfinyanzi, mwenye kifafa? Na bibi muuza vitumbua, mwenye kisukari? Nao wanapeleka vikapu."

"Wewe ni kinyozi au mjumbe wa baraza?"

"Kinyozi, Maulana. Wajumbe ndio hawa. Waulize."

Sultani akawageukia, akauliza nani kati yao ana maradhi yasiyopona. Wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa Mzee Hatibu, ambaye kwa miaka mingi alikificha kisukari chake chini ya joho. Akafuata Mzee Shaali, mwenye magoti yanayomliza kila masika. Kabla ngoma haijanyamaza, mikono yote ilikuwa juu, na mingine ya watu ambao hakuna aliyejua kuwa wanaumwa. Amri ikafutwa palepale, mpiga mbiu akatoka mbio kuwatangazia watu.

Ngwali akanyoa shavu la kushoto polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akakunja kitambaa, akatia wembe alani, akaenda zake mlangoni.

Sultani alijipapasa mashavu yote mawili, moyo ukatulia, na uchoyo ukamrudia.

"Ngwali," akaita, "siku binti yako atakapopona kabisa, njoo uniambie, tuache kumpa dawa ya ghala."

Kinyozi akageuka, mkono juu ya komeo.

"Nitakuja, Maulana. Asubuhi ileile utakayoamka ukute ndevu hazijaota."