Majani Machungu ya Mize

Paukwa!

Pakawa!

Wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza. Hadithi hii haitaki mdomo uliojaa.

Palikuwa na mama, Mwanaidi, na bintiye wa pekee, Mize. Siku moja zimwi likapita uani, likamwona Mize, likasema, "Mwezi ukiandama, narudi kumla."

Mwanaidi akakimbilia kwa mganga, kizee mkali. Kizee akamgeuza Mize kiwavi, akampandisha kwenye magugu ya uani kwao yenye utomvu mweupe, machungu kama shubiri.

"Ale haya tu," akasema. "Atajifunga kifukoni, atatoka kipepeo mwenye macho mabawani. Zimwi litamjua kwa harufu, ila macho yatalitisha. Siku likiyazoea, kitakachomwokoa ni uchungu huu uliomwingia mwilini. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Kusikia gani! Kwao, mwali akikaribia kuwekwa ndani hulishwa vitamu mpaka anawiri. Basi Mwanaidi alipomkuta mwanawe anatafuna magugu, roho ilimuuma.

"Mwali wangu ale magugu? Watu watanionaje?"

Akamhamishia kwenye mchicha. "Kula, mwanangu." Kesho yake, matembele mateketeke. "Kula, mwanangu." Siku ya tatu, majani aliyoyapaka asali. "Kula, mwanangu." Mize akala. Nyinyi mngekataa?

Basi Mize akajifunga kifukoni, akatoka kipepeo. Jamani, alipendeza! Mwanaidi akapiga vigelegele peke yake uani.

Mwezi ukaandama, zimwi likaja linanusa. Mize akafunua mabawa. Macho! Likakimbia. Likarudi. Macho! Likakimbia. Likarudi mara ya tatu, likainama, likachungulia.

"Mbona macho haya hayapepesi?"

Likamtia mdomoni. Mwanaidi akarukia, akadaka ncha ya bawa.

"Mteme! Mchungu huyo! Mteme!"

Zimwi likatafuna polepole, wala halikutema.

"Mchungu? Mtamu huyu, mama. Umemlea vizuri."

Likaenda zake. Mwanaidi akabaki na unga wa bawa viganjani, hana mtoto, hana wa kumlaumu. Magugu yale bado yanaota uani kwake. Kila asubuhi huchuma jani moja, akalitafuna, akalia.

Hadithi yangu imeishia hapo, uani kwa Mwanaidi. Mtoto mpe kinachomlinda, hata kama kumpa kunakuuma wewe.